Ukiambiwa una upungufu wa G6PD: mwongozo kamili wa nyumbani, duka la dawa na hospitali

Karatasi ya maabara yenye neno "pungufu" mbele ya G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, mara nyingi humfikia mtu bila maelezo yoyote. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka mingi, na wanaoniletea karatasi hiyo ni wa namna mbili. Wako waliotishwa mpaka wakaacha maharage, choroko, hata karanga. Na wako wasioshtuka kabisa, kwa sababu mtoto anacheza, anakula na kulala vizuri, sasa ugonjwa uko wapi? Nawaambia wote jambo moja: kwa walio wengi, hali hii huishi nayo mtu mpaka uzeeni bila usumbufu, mradi ajue vitu vichache vinavyoivuruga damu yake. Na vingi kati ya hivyo haviko jikoni. Viko kwenye rafu ya dawa na kwenye kabati la nguo, na hatari kubwa kuliko zote iko katika siku za kwanza za mtoto mchanga.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea kwenye damu

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo inabeba oksijeni. Oksijeni ni uhai, lakini pia huzalisha sumu zinazoweza kuiharibu chembe yenyewe. Kinachoilinda ni kimeng'enya kiitwacho G6PD: kinaiwezesha chembe kutengeneza kemikali ya NADPH, na hiyo ndiyo inayofanya glutathioni iendelee kuzima zile sumu. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata NADPH. Chembe nyekundu ina hii tu.

Mwenye upungufu amezaliwa na kimeng'enya kidogo au dhaifu. Siku za kawaida kile kidogo kinatosha. Taabu huja pale mwili unapopata maambukizi makali, dawa fulani au kemikali fulani: sumu zinazidi uwezo, hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, inaharibika na kugandamana ndani ya chembe, na chembe zinapasuka kwa mkupuo. Damu inapungua ndani ya siku chache.

Aina za upungufu huu ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazotuhusu zaidi. Ya kwanza huitwa A-, nayo ndiyo iliyoenea Afrika kusini mwa Sahara. Katika aina hii kimeng'enya huchoka mapema kadiri chembe inavyozeeka, kwa hiyo chembe kuukuu hupasuka na changa husalimika. Ndiyo maana shambulio mara nyingi hutulia lenyewe baada ya wiki moja hivi. Ya pili ni aina ya Mediterania, iliyoenea pia nchi za Ghuba. Hapo hata chembe changa zina kimeng'enya kidogo mno, na shambulio huwa zito. Oman ni kati ya nchi zenye kiwango kikubwa sana duniani, karibu mwanamume mmoja kati ya wanne. Familia za Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu zenye nasaba ya huko zinaweza kuwa na aina hiyo. Mwambie daktari asili ya familia yenu, maana inabadilisha uzito wa tahadhari.

Duniani wanaoishi na upungufu huu wanazidi milioni 400. Umeenea kule malaria ilikokaa muda mrefu, kwa sababu unampa mwenye nao kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ni ya sehemu tu. Usiache chandarua.

Hatua ya 2: Hakikisha kipimo kilipimwa wakati sahihi

Usitarajie kukipata kwenye zahanati ya mtaani. Uliza hospitali za rufaa na maabara kubwa.

Kuna vipimo vya haraka vinavyotoa jibu la "pungufu" au "kawaida", na kuna vya kiasi vinavyotoa namba, yaani uniti kwa kila gramu ya hemoglobini. Ukiweza, omba namba. Vipimo vya haraka vingi hukamata wale tu ambao kimeng'enya chao kiko chini ya asilimia 30 ya kawaida. Mwanaume karibu kila mara huwa ama pungufu waziwazi ama kawaida, kwa hiyo kipimo cha haraka kinamtosha. Mwanamke anaweza kuwa katikati, kati ya asilimia 30 na 70, akaambiwa yuko sawa na akaondoka na jibu hilo.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kupimwa katikati ya shambulio. Chembe kuukuu zimeshapasuka, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya cha kutosha, basi kipimo kinarudi kizuri na familia inafunga mjadala. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeongezewa damu, maana kinachopimwa kwa kiasi kikubwa ni damu ya aliyechangia. Jibu likiwa "kawaida" katika mazingira hayo, rudia baada ya miezi mitatu. Jibu likiwa "pungufu", liamini.

Hatua ya 3: Fuata nasaba, na acheni lawama

Maelekezo ya kutengeneza G6PD yamo kwenye kromosomu ya X. Mwanaume ana X moja, na ameitoa kwa mama yake. Kwa hiyo baba mwenye upungufu hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume, lakini kila binti yake ataupokea. Mama aliyebeba X moja yenye upungufu ana uwezekano wa nusu kwa nusu, kila mimba, kuupitisha kwa mtoto.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Katika kila seli ya mwanamke, X moja kati ya mbili huzimwa, na uchaguzi hufanyika kwa bahati. Matokeo yake dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wote wamerithi, mmoja anaweza asiguswe na kitu na mwingine akashambuliwa sawa na mwanaume. Msemo kwamba "ni ugonjwa wa wavulana" umewaponza wasichana wengi.

Akigundulika mtoto mmoja, wapimwe ndugu zake wa tumbo moja, mama yake, na wajomba upande wa mama. Hilo lifanyike kwa utulivu. Hakuna aliyekosea, na mama asibebeshwe lawama kwa kitu alichozaliwa nacho na ambacho kwa karne nyingi kimesaidia watoto kupona malaria.

Hatua ya 4: Mlinde mtoto mchanga

Hapa ndipo ninapoomba usome taratibu, kwa sababu madhara ya hapa hayarudi nyuma.

Mtoto mchanga yeyote anaweza kupata manjano, kwa kuwa ini lake bado halijakomaa kuondoa bilirubini, ile rangi inayotokana na chembe zilizovunjika. Mwenye upungufu wa G6PD yuko katika hatari zaidi: bilirubini inaweza kupanda juu na kwa kasi. Ikizidi mno huingia kwenye ubongo. Mtoto anayenusurika hapo anaweza kubaki kiziwi, au na mtindio wa ubongo wa maisha yote. Na yote hayo yanazuilika kwa taa za bluu za hospitali zikiwahiwa.

Shida ni kalenda. Mama hujifungua salama, kesho yake anaruhusiwa, na bilirubini hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, wakati mtoto yuko nyumbani kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Ikiwa mama, kaka wa mtoto au mjomba ana upungufu, sema kabla ya kuruhusiwa, omba mtoto apimwe, na mrudishe kliniki kuangaliwa siku ya tatu na tena ya tano hata kama unamwona mzima. Shirika la Afya Duniani lilishashauri watoto wote wachanga wapimwe katika jamii ambazo upungufu huu unafikia asilimia 3 hadi 5 ya wanaume au zaidi. Pale ambapo bado haifanyiki, mzazi ndiye wa kukumbusha.

Nyumbani, mwangalie mtoto kila asubuhi kando ya dirisha, kwa mwanga wa jua na si wa taa. Bonyeza kwa kidole paji la uso au ncha ya pua, achia, tazama rangi inayojitokeza kabla damu haijarudi. Kwa ngozi nyeusi usiishie hapo: fungua mdomo uangalie fizi, vuta kope kidogo uone weupe wa jicho, kisha geuza viganja na nyayo. Manjano huanzia usoni na kushuka. Yakionekana viganjani au nyayoni, au yakitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona hanyonyi, analala kupita kiasi na haamshiki, analia kwa sauti nyembamba kali, au anapinda mgongo kwenda nyuma.

Kumwotesha mtoto jua la asubuhi hakuchukui nafasi ya taa za hospitali. Najua bibi zetu wamelifanya hilo kwa mapenzi. Lakini mtoto wa namna hii akicheleweshwa siku mbili za jua, huenda ndizo siku mbili zilizohitajika.

Na kitovu kiachwe. Usipake dawa za kuchua zenye mentholi: huko Nigeria madaktari walizihusisha na manjano makali kwa watoto wenye upungufu huu waliopakwa. Tumia kile tu ulichopewa kliniki.

Kunyonyesha ni salama na kunasaidia, tena mara nyingi kadiri mtoto anavyotaka. Ila mama naye, mtoto akiwa na upungufu, aepuke dawa zilizo hapa chini, maana baadhi hupita kwenye maziwa.

Hatua ya 5: Jifunze dawa za kuepuka kwa majina

Ujuzi wetu wa jambo hili ulianzia kwenye dawa, na kwa njia chungu. Miaka ya 1940 na 1950, wafungwa wa gereza la Stateville huko Illinois, Marekani, waliambukizwa malaria makusudi ili dawa zijaribiwe kwao. Baadhi ya wafungwa weusi waliopewa primakwini damu yao ilivunjika. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walitangaza sababu: chembe zao zilipungukiwa G6PD. Kila tahadhari tunayoitoa leo kaunta inatokana na miili ya watu wale.

Dawa za kukataa mpaka daktari anayejua hali yako aseme vinginevyo ni hizi. Dapsoni, inayotumika kwenye ukoma na wakati mwingine kukinga nimonia kwa wanaoishi na VVU. Primakwini ya siku nyingi na tafenokwini, za kufuta malaria ya vivaksi inayojificha kwenye ini. Nitrofurantoini, ya maambukizi ya mkojo, na hii ndiyo inayoponyoka zaidi kwa kuwa inaandikwa sana kwa wajawazito. Methilini bluu, inayotumika wodini na chumba cha upasuaji. Rasburikezi na peglotikezi, za kushusha asidi ya yuriki, ambazo utazikuta hospitali kubwa tu.

Dapsoni ina historia karibu nasi. Mwaka 2003 ililetwa Afrika dawa mpya ya malaria, Lapdap, iliyochanganya klorproguanili na dapsoni. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, baada ya majaribio kuonyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu vibaya. Dawa inaweza kuwa imepitishwa, inauzwa kwa leseni, na bado isikufae wewe.

Primakwini inahitaji maelezo zaidi kwa sababu dozi zake ni mbili tofauti. Iko dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito, inayotolewa mara moja pamoja na dawa mseto ili mbu asiambukizwe. Hiyo, tangu 2012, Shirika la Afya Duniani linaruhusu itolewe bila kupima G6PD. Dozi ya siku 14 ya vivaksi ni jambo jingine kabisa. Wanaosoma au kufanya kazi India, Pakistan, Sudan au Ethiopia wanaweza kukutana nayo, na hawapaswi kuimeza bila kipimo. Kwa mwenye upungufu daktari anaweza kutumia utaratibu wa mara moja kwa wiki kwa wiki nane, akimfuatilia kwa karibu.

Kisha septrini. Orodha za zamani zinaipiga marufuku, na naona watu wanaoishi na VVU wanaiacha kimyakimya baada ya kusoma mtandaoni. Mapitio ya ushahidi ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba kwa dozi za kawaida wengi wenye upungufu huivumilia. Kuiacha bila ushauri kunaweza kukuua haraka kuliko G6PD. Mwambie daktari, damu ipimwe, uamuzi utolewe pamoja.

Malaria ikikupata, itibu. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini haina tatizo, na kwinini kwa dozi za kawaida pia. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida haina shida, amoksilini haina shida. Nasisitiza kwa sababu maambukizi yenyewe, iwe nimonia, homa ya ini au taifodi, ndiyo kichochezi cha kawaida zaidi cha shambulio. Anayeogopa dawa zote akalala na homa nyumbani anajiweka pabaya zaidi.

Ukifika dukani, sema kabla ya kutaja unachoumwa: "Nina upungufu wa G6PD." Kataa vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti au mfuko usio na jina. Jina la dawa liandikwe, na kama muuzaji halijui neno G6PD, nenda duka lenye mfamasia. Mitishamba ya unga isiyojulikana ina nini, iache pia.

Hatua ya 6: Safisha kabati, na chakula kidogo tu

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende, na chooni kuondoa harufu, vitoke nyumbani. Vyote. Naftalini huingia mwilini kwa kuvutwa puani, kwa ngozi, na kwa mtoto anayedhani ni peremende. Njia mbaya kuliko zote ni sanduku la nguo za mtoto: nguo, shali na mablanketi ya mtoto wa kwanza yamehifadhiwa miaka miwili na vidonge ndani, halafu anazaliwa wa pili na kuvikwa yakinuka vile vile. Ngozi ya mchanga ni nyembamba na mafuta unayompaka yanaisaidia kemikali kupenya. Nguo hizo zifuliwe, zianikwe juani siku kadhaa, na kama harufu haijaisha kabisa zisimguse.

Hina kwa bibi harusi mzima kwa kawaida haileti balaa, lakini kwa mtoto mwenye upungufu imewahi kuvunja damu. Desturi ya kumpaka mtoto hina, iliyopo zaidi Sudan na Ghuba, iachwe katika familia yenye hali hii.

Upande wa chakula, cha kukatazwa ni kimoja: maharage ya fava, yale mapana yanayopikwa Misri, Sudan na Ghuba na kuitwa ful. Yana kemikali inayovunja damu, zaidi kwa watoto na kwa wenye aina ya Mediterania, na mabichi ni mabaya zaidi. Ukiwa Maskati, Dubai au Khartoum, uliza kabla ya kuchota. Maharage yetu ya kawaida, kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe, dengu na karanga ni mimea mingine na mtoto ale ashibe. Nimeona watoto wakikonda kwa kunyimwa maharage katika nyumba ambayo nyama ni ya sikukuu, na inaniuma, kwa sababu ni madhara yaliyoletwa na ushauri.

Hatua ya 7: Tambua shambulio, na fanya haraka

Dalili huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya kichochezi. Mtu anachoka bila sababu, midomo na viganja vinapauka, moyo unakwenda mbio akipanda ngazi, mgongo au tumbo linauma, macho yanaingia manjano. Alama ya wazi kuliko zote ni mkojo. Kojoa kwenye chombo cheupe au glasi angavu: mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au mweusi kama Coca-Cola, haungojwi mpaka kesho.

Acha dawa uliyoanza karibuni na ubebe pakiti yake. Kunywa maji ukiweza. Nenda hospitali siku hiyo, na useme mambo mawili mlangoni: upungufu wa G6PD, na mkojo mweusi. Omba wapime wingi wa damu, bilirubini, figo na malaria, kwa maana malaria kali nayo inaweza kutoa mkojo mweusi. Mashariki mwa Uganda madaktari wameliona hilo kwa watoto wengi. Wingi wa damu urudiwe siku inayofuata hata kama wa kwanza haukutisha, kwa sababu huendelea kushuka. Wengine huongezewa damu, wengine maji ya mshipani na uangalizi vinatosha.

Ukitoka, usikimbilie vidonge vya kuongeza madini ya chuma kwa mazoea. Chembe zikipasuka ndani ya mwili, sehemu kubwa ya chuma chake hutumika tena. Foliki asidi ndiyo ambayo daktari anaweza kukupa.

Hatua ya 8: Andika kadi

Kipande kigumu cha karatasi, kikubwa kama kitambulisho, kilichofunikwa plastiki. Jina, mwaka wa kuzaliwa, "Upungufu wa G6PD", namba ya kipimo na tarehe, kundi la damu, dawa za kuepuka, simu ya ndugu. Nakala moja kwenye pochi, nyingine ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, ya tatu shuleni, hasa shule ya bweni ambako matroni ndiye anayegawa dawa usiku. Piga na picha yake uihifadhi kwenye simu.

Watu wazima wenye kisukari waongeze mstari mmoja. Kile kipimo cha sukari ya wastani wa miezi mitatu hutegemea chembe nyekundu kuishi muda wake wote. Kwa mwenye upungufu wa G6PD chembe zinaweza kuishi muda mfupi zaidi, na kipimo kikasoma chini kuliko hali halisi, mgonjwa akapongezwa huku sukari iko juu. Linganisha na vipimo vya kidole vya nyumbani, na namba zikipishana, mwonyeshe daktari zote mbili.